Nambari Yako ya TSC Haijafa: Jinsi ya Kurudi Darasani Baada ya Miaka Nje

Uliwahi kufundisha, ukaacha kwa sababu zako. Watoto wadogo, biashara, mzazi mgonjwa, au kazi ya Qatar iliyolipa vizuri zaidi. Sasa unataka kurudi. Shule iliyo karibu nawe inatafuta mwalimu wa Kemia, na mwalimu mkuu amekuuliza swali moja tu: "TSC yako iko sawa?"

Hujui ujibu nini. Cheti kiko ndani ya sanduku, pengine. Barua pepe ya zamani haifunguki. Jina lililo kwenye kitambulisho halifanani na lililo kwenye cheti cha chuo. Tulia, mwalimu. Haya yote yanarekebishika. Wanaokwama mara nyingi hukwama kwa kuanza mahali pasipofaa: wanaomba usajili upya ilhali tayari wamesajiliwa, au wanakimbilia karatasi inayochakaa upesi kabla ya ile inayochukua miezi.

Shika hili kwanza. Nambari ya TSC haina tarehe ya kuisha. Ukishaingia kwenye rejista ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, jina lako hubaki humo mpaka liondolewe kwa sababu iliyotajwa na sheria. Kukaa nyumbani miaka kumi si mojawapo. Kinachopitwa na wakati ni vitu vinavyoizunguka nambari hiyo: cheti cha maadili mema, ripoti ya daktari, jina, anwani, PIN ya KRA, na ujuzi wako wa mtaala.

Lakini usiingie darasani "kwa muda tu" ukingoja mambo yakae sawa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya TSC ya mwaka 2012 kinamzuia mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya ualimu. Haijalishi shule ni ya umma au ya kibinafsi, wala kama mshahara unatoka serikalini au kwa bodi ya usimamizi ya shule, BOM. Anayekuambia shule za kibinafsi hazijali, mwache aendelee na safari yake.

Anza kwa kujua hali yako

Ingia kwenye tovuti ya TSC, sehemu ya huduma za walimu mtandaoni, utafute hali ya usajili kwa nambari yako ya kitambulisho. Fanya hivi kabla ya kulipa chochote, kabla ya kupanda matatu kwenda popote.

Jina likionekana, piga picha ya skrini na uandike nambari mahali pawili. Wewe ni mwalimu aliyesajiliwa. Kazi iliyobaki ni kusafisha rekodi.

Jina lisipoonekana, usibonyeze kitufe cha kuomba upya. Hakiki kwanza tarakimu za kitambulisho. Kisha nenda kwa ofisi ya mkurugenzi wa TSC wa kaunti ukiwa na nakala ya cheti chako cha usajili, au hata payslip ya zamani yenye nambari hiyo. Eleza kwa barua fupi: majina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya TSC, mwaka uliosajiliwa, shule ya mwisho. Omba rekodi itafutwe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuomba mara ya pili kwa mtu ambaye tayari ana nambari ni kujitengenezea fumbo ambalo baadaye utalifumbua mwenyewe.

Kuna wengine hugundua hapa kwamba hawakuwahi kusajiliwa. Walimaliza chuo, wakafundisha chini ya BOM kwa muhula mmoja au miwili, wakaamini cheti cha chuo kinatosha. Ikiwa ni wewe, huna cha kufufua. Unaomba kama mwombaji mpya. Hatua zinazofuata bado zinakuhusu, kwa sababu karatasi ni karibu zilezile.

Na kuna walioondolewa kwenye rejista baada ya kesi ya nidhamu. Hapo mambo ni tofauti kabisa. Fomu ya mtandaoni haitakusaidia, na mtu wa mjini anayesema anaweza "kurudisha jina" atakula pesa zako. Tafuta barua ya uamuzi wa Tume, isome mpaka mwisho, uone sababu na njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Ipeleke kwa chama chako, KNUT au KUPPET, au kwa wakili anayejua sheria za kazi. Kama kosa lilihusu kumdhulumu mwanafunzi kingono, mlango umefungwa, na ni haki ufungwe.

Usichanganye usajili na ajira

Kama hukuwahi kuajiriwa na TSC yenyewe, ruka sehemu hii.

Kama ulikuwa mwajiriwa wa Tume, jiulize: niliondokaje? Uliandika barua ya kujiuzulu na ikajibiwa? Ulichukua likizo bila malipo ikaisha ukiwa nje ya nchi? Au uliacha tu kwenda shuleni? Kutoweka kazini bila ruhusa ni kosa la kinidhamu, na huenda kuna faili iliyofunguliwa usipokuwepo. Nenda uiulizie kabla haijakuulizia.

Kuna jambo moja linalowashtua wengi: mshahara ulioendelea kuingia benki baada ya wewe kuondoka. Hilo ni deni, na Tume hulidai. Omba taarifa ya kiasi unachodaiwa kwa maandishi na upendekeze namna ya kulipa. Mwalimu anayekuja mwenyewe na pendekezo mkononi husikilizwa vizuri kuliko anayesubiri kupigiwa simu.

Karatasi za polepole zitangulie

Mpangilio ni huu: kinachochukua muda mrefu kianze, kinachochakaa upesi kije mwisho. Ukichukua ripoti ya daktari leo, halafu ungoje cheti kilichopotea kwa miezi mitano, utarudi kwa daktari tena.

Jina. Weka mezani kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha chuo, cheti cha TSC na PIN ya KRA. Soma majina herufi kwa herufi. "Wanjiku" na "Wanjiko" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Kama uliongeza jina la mume, ambatisha cheti cha ndoa. Kama ulibadilisha jina lenyewe, utahitaji hati ya deed poll iliyosajiliwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hapo unamhitaji wakili. Ikiwa kosa ni la mchapaji kwenye kitambulisho, kulirekebisha kwenye kitambulisho ni rahisi kuliko kubadilisha vyeti vinne.

Vyeti vilivyopotea. Anza na polisi. Ripoti iingie kwenye kitabu cha matukio, OB, upewe abstrakti. Kisha apa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo ukieleza cheti gani kilipotea na lini. Ukiwa na hizo mbili, maombi ya cheti cha KCSE au cha mitihani ya vyuo vya ualimu yanapitia mfumo wa QMIS wa Baraza la Mitihani, KNEC. Cheti cha digrii unakidai kwa msajili wa chuo kikuu chako. Cheti cha TSC unakiomba kwa TSC. Tengeneza nakala kadhaa za abstrakti na kiapo siku hiyohiyo, maana kila ofisi itataka yake.

Kama ulisomea nje ya Kenya, tuseme Makerere au Dar es Salaam, vyeti vyako vinahitaji kutambuliwa hapa nchini kabla ya Tume kuvipokea. Shughuli hiyo ina foleni yake. Ianze sasa.

PIN ya KRA. Huyu ndiye adui wa kimya. Umekaa bila mshahara, ukadhani huna haja ya KRA. Lakini PIN ikiwa hai, ritani inatakiwa kila mwaka kufikia Juni 30, hata kama mapato ni sufuri. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliorukwa. Ingia iTax, uone kama kuna madeni, ujaze zilizobaki, kisha uchapishe cheti kipya cha PIN. Kama iTax ina barua pepe uliyoisahau, omba KRA wakubadilishie kabla ya yote.

Sasa cheti cha maadili mema

Kile cha zamani usihangaike nacho. Waajiri wengi hutaka kisichozidi mwaka mmoja.

Unaomba kupitia eCitizen, kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unajaza, unalipa shilingi 1,050, kisha unachapisha fomu ya C24. Ichapishe mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Ukija na karatasi mbili unaweza kurudishwa. Chukua miadi ya kupigwa alama za vidole: makao makuu ya DCI kwenye Barabara ya Kiambu, Huduma Centre, au ofisi ya DCI iliyo karibu nawe.

Kama umekuwa ukilima au kufanya kazi ya mjengo, zitunze ngozi za vidole kwa siku chache kabla ya miadi. Acha simenti na majivu, paka mafuta usiku. Alama zilizofifia hurudishwa, na kurudishwa maana yake ni foleni nyingine.

Umekuwa ukiishi Oman, Uingereza au Marekani? Chukua cheti cha polisi cha nchi hiyo kabla hujaondoka, ukiweza. Shule za kibinafsi zinazojali usalama wa watoto hukiuliza, na kukipata ukiwa umesharudi Kisumu ni safari ndefu ya barua pepe.

Ripoti ya daktari iwe ya mwisho

Fomu inaitwa GP 69. Ipakue, uichapishe, uipeleke kwa daktari aliyesajiliwa, bora katika hospitali ya serikali, aijaze na kugonga muhuri. Nenda asubuhi. Kagua kabla ya kuondoka: jina lako, saini, tarehe, muhuri. Sehemu moja tu ikiachwa wazi, umepoteza siku.

Kama una presha au kisukari, usifiche. Nenda na kadi yako ya kliniki inayoonyesha unatumia dawa na hali imetulia. Fomu inataka kujua kama unaweza kufanya kazi, na watu wengi wenye magonjwa hayo wanafundisha kila siku.

Kupakia na kulipa

Karatasi zikikamilika, unazipakia kwenye mfumo wa TSC mtandaoni. Tumia barua pepe yako mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Walimu wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa saiba, kwa barua pepe ya saiba na nywila anayoijua yeye. Saiba ikafungwa, akaunti ikapotea. Unaweza kulipa mtu akusaidie kuskani, hiyo ni sawa. Lakini barua pepe, nambari ya simu na nywila viwe vyako, na nambari ya simu iwe ile ambayo hutaibadilisha karibuni.

Skani vyeti halisi, si fotokopi ya fotokopi. Kila cheti kiwe faili moja ya PDF, kurasa zote pamoja. Faili ikikataa kupakiwa, huenda ni kubwa mno. Ipunguze uzito kisha ujaribu tena. Zipe faili majina yanayoeleweka: "KCSE", "Digrii", "GP69". Picha ya pasipoti iwe ya rangi na ya sasa. Ile ya siku ya mahafali haifai tena.

Lipa kupitia njia inayoonyeshwa na mfumo wenyewe. Huduma za serikali hulipiwa kupitia eCitizen, na paybill yake ni 222222. Ukipewa nambari ya simu ya mtu, au till yenye jina la duka, simama hapo hapo. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa. Usiufute hata mambo yakiisha.

Baada ya kutuma, angalia hali ya ombi mara moja kwa wiki. Ombi likirudishwa, soma sababu neno kwa neno kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi ni jambo dogo: ukurasa uliokosekana, picha iliyofifia, jina lisilolingana. Rekebisha hilo moja na ulirudishe. Likikaa kimya muda mrefu, nenda ofisi ya kaunti na nambari ya ombi mkononi. Ongea kwa heshima, andika jina la ofisa na tarehe.

Mafunzo ya TPD

Kifungu cha 35 cha sheria ileile kinaipa TSC uwezo wa kuwataka walimu wajiendeleze kitaaluma na wawe na cheti cha kufundishia. Ndiyo asili ya TPD, mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma uliozinduliwa 2021 na kukabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara, na taasisi ya KEMI. Ada yake ilizua malalamiko makubwa kutoka kwa walimu na vyama vyao.

Ushauri wangu: usilipe moduli yoyote kwa kusikia kwenye kikundi cha WhatsApp. Uliza ofisi ya TSC ya kaunti ndogo ni nini kinachotakiwa kwako mwaka huu, wewe uliyekuwa nje. Ukiambiwa ujisajili, jisajili kwa taasisi iliyoidhinishwa pekee, na uhifadhi risiti na cheti cha kila hatua.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Karatasi zitakuingiza getini. Darasani utakuta dunia nyingine, na hapa nataka utulie kuliko sehemu nyingine zote.

Kama uliacha mfumo wa 8-4-4 ukiwa umetawala, hesabu hivi. Mtaala wa umilisi ulianza rasmi kitaifa 2019 katika madarasa ya chini. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sekondari msingi ilianza Januari 2023 na Gredi ya Saba, na hukaa ndani ya shule za msingi. Wanafunzi wa Gredi ya Sita hufanya tathmini ya KPSEA. Wa Gredi ya Tisa walifanya KJSEA kwa mara ya kwanza 2025. Ukimwambia mwalimu mkuu kwamba unataka "kufundisha Darasa la Nane", atajua mara moja umekuwa wapi.

Pakua miundo ya mtaala kutoka Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Ni ya bure. Usijaribu kuisoma yote. Chukua gredi moja, somo moja. Soma mada moja na mada ndogo zake, matokeo yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji, na jedwali la tathmini lenye viwango. Kisha andika andalio la somo moja kwa mkono wako. Siku hiyo moja itakufundisha mengi kuliko semina mbili.

Halafu tafuta mwalimu mwenzako aliye kazini. Mwombe ukae nyuma ya darasa lake wiki moja, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Tazama anavyoweka alama za tathmini bila kuzama kwenye makaratasi. Tazama vikundi, kelele, kazi za mradi zinazopelekwa nyumbani. Muulize kinachomchosha. Utapata majibu ambayo hakuna kitabu kitakupa.

Kama una cheti cha P1, jua kwamba mafunzo ya walimu wa msingi sasa ni ya diploma, na kuna kozi ya kuwapandisha wenye P1. Nambari yako ya TSC bado inakutambua. Lakini ukiwa na miaka ya kutosha mbele yako kabla ya kustaafu ukiwa na 60, fanya hesabu ya kujiendeleza.

Kutafuta kazi

Soma kila tangazo la TSC mpaka nukta ya mwisho. Miongozo ya kuajiri ya miaka ya hivi karibuni imekuwa ikiwapa alama zaidi waliohitimu zamani, kwa hiyo mwaka wako wa kuhitimu, uliodhani ni mzigo, unaweza kukubeba. Upande wa pili, matangazo hayo yamekuwa yakiwapa kipaumbele wale ambao hawajawahi kuajiriwa na Tume kwa masharti ya kudumu. Kama uliwahi, elekeza nguvu zako pia kwa nafasi za BOM na shule za kibinafsi.

Katika barua ya maombi, eleza pengo lako kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi. "Kati ya 2014 na 2024 nilisimamia biashara ya familia mjini Nakuru. Nimesasisha rekodi zangu za TSC, na nimepitia muundo wa mtaala wa Gredi ya Saba katika Sayansi Jumuishi." Basi. Pengo lililofichwa hutiliwa shaka kuliko lililotajwa.

Beba faili moja yenye nakala za kila kitu, na vyeti halisi katika bahasha tofauti ambayo haiachwi ofisini kwa mtu yeyote, hata kwa saa moja. Ukiombwa uviache "vikaguliwe", keti usubiri vikikaguliwa.

Shule nyingi za kibinafsi zitakuomba somo la majaribio. Kubali kwa furaha. Uliza gredi, somo na idadi ya wanafunzi siku moja kabla. Andaa shughuli moja ambayo wanafunzi wataifanya kwa mikono yao ndani ya dakika kumi za mwanzo, na uwe na andalio lililoandikwa la kumkabidhi mwalimu mkuu unapoingia.

Na usajili wa SHA, je? Nafasi ya bima ya afya ya NHIF ilichukuliwa na SHA Oktoba 2024, kwa hiyo kadi yako ya zamani haitakusaidia. Jisajili sasa, uwe na nambari mkononi pamoja na ya NSSF, kwa sababu mhasibu wa shule atakuuliza zote mbili siku ya kwanza kazini.